Ukienda makumbusho ya Bujora, mchukue na mama yako

Ndugu yetu wa Nyegezi ameuliza kama inafaa kutumia Jumamosi nzima kuwapeleka watoto wake wawili, wa miaka 9 na 12, kwenye Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kwa sababu mfanyakazi mwenzake amemwambia kwamba hakuna cha kuona zaidi ya vibanda vya nyasi na vyungu. Mimi nimekwenda pale mara tatu, na jibu langu ni kwamba inafaa sana, ila kwa sharti moja: mchukue na mama yako mzazi, au baba, au mzee yeyote wa ukoo wenu aliyekulia kijijini. Naomba nieleze kwa nini nasema hivyo, maana sharti hilo sikulisoma mahali popote.

Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu, nikiwa na haraka ya kurudi mjini kabla ya jioni. Nilizunguka kwa nusu saa, nikachungulia nyumba ya msonge, nikapita kwenye banda la mhunzi, nikatazama ngoma zilizopangwa, kisha nikaondoka nikiamini kwamba nimeona kila kitu. Ungeniuliza siku ile, huenda ningekujibu kama alivyokujibu mwenzako. Vitu vyote vilikuwepo mbele yangu, lakini hapakuwa na mtu wa kuniambia kitu fulani kilishikwaje, kilitoka kwa nani, na nani hakuruhusiwa kukigusa.

Mwaka 2019 nilirudi na watoto wangu pamoja na mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 71. Mama alizaliwa Magu, karibu kabisa na ziwa, na hakutaka kwenda. Aliniuliza kwa nini alipe kiingilio ili aoneshwe vyungu wakati vyungu amevipikia tangu utotoni. Nilimwomba aje kwa ajili ya wajukuu, akakubali kwa ajili yao.

Tulipofika kwenye msonge, mimi na watoto tulisimama nje tukisubiri maelezo. Mama aliinama, akaingia, na kabla kijana aliyekuwa akituongoza hajafungua kinywa, akaanza kuwaonesha watoto: hapa ndama walilala usiku, hapa palikuwa na mafiga, na pale juu ndipo nafaka ilipohifadhiwa ili moshi uifikie na wadudu waikimbie. Alipoliona lindo, lile pipa la gamba la mti, aliliwekea mkono kama mtu anayemsalimia ndugu yake. Akaeleza jinsi mtama ulivyochanganywa na majivu ili usishambuliwe na fukusi, na jinsi mama yake alivyojua kwa kuligonga lindo kwa kiganja kama chakula kilichobaki kingewafikisha kwenye mavuno. Mwanangu mkubwa aliuliza wangefanya nini kama kisingetosha. Ndipo mama akawaeleza habari za michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, vya kwanza vikiwa vibichi na vya pili vikiwa vimechemshwa, ambavyo vilikaa miezi mingi bila kuoza na kuwavusha watu wakati wa njaa. Watoto wangu wamekula matobolwa mara nyingi, lakini hawakuwahi kuambiwa kwamba kile ni chakula cha akiba na kwamba kilibuniwa na watu waliolijua vizuri jua la nchi yao.

Kwenye vibuyu vya maziwa tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mama aliomba ruhusa, akakaa chini, akanyoosha miguu, akaonesha kwa mikono mitupu jinsi kibuyu kilivyopakatwa na kusukwa huku na huku hadi siagi ijitenge, na jinsi msukaji alivyojua kwa sikio tu kwamba imekaribia, kwa kuwa mlio wa maziwa hubadilika ukawa mzito. Siagi ilichemshwa ikawa samli, na maziwa yaliyobaki yakanywewa. Nilikuwa na umri wa miaka 40 na nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akifanya vile. Kazi hiyo aliiacha kabla sijazaliwa, na mimi sikuwahi kumuuliza, wala sidhani kama ningemuuliza bila kibuyu kile kuwa mbele yetu.

Kuna jambo jingine pale ambalo wageni wengi hulipita haraka, nalo ni ngazi yenye maneno ya kuhesabu kuanzia moja hadi kumi. Wengi wetu tunazijua hesabu za kawaida za Kisukuma: imo, ibili, idatu, inne, na kuendelea. Ngazi hiyo inaonesha kwamba makundi ya rika yalikuwa na maneno yao wenyewe ya kuhesabia, tofauti na hayo. Mama aliyatazama maneno yale, akatikisa kichwa, akaanza kutaja mengine ambayo yeye na wasichana wenzake walihesabia walipokuwa wakicheza. Alifika sita, akasimama, la saba likamtoka. Kijana aliyekuwa akituongoza, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, alitoa kalamu na kumwomba arudie yale sita taratibu ili ayaandike. Mpaka leo naona kwamba hapo ndipo ziara yetu ilipofikia kilele. Mzee aliyekuja akidhani ataoneshwa vitu alikuwa amegeuka kuwa mwalimu, na watoto wangu walimwona bibi yao akiandikwa kwenye daftari.

Kuhusu historia yenyewe, nitakupa machache ili usiende mikono mitupu. Neno Sukuma maana yake ni kaskazini, na Wanyamwezi ndio waliowaita hivyo jirani zao wa upande huo. Nchi iligawanyika katika utemi mwingi, kila mmoja ukiwa na ntemi wake, yaani mtawala wake wa jadi, na jina hilo linatokana na kutema, yaani kukata. Wapo wanaosema ni kukata pori kwa yule aliyekuja kwanza, na wapo wanaosema ni kukata mashauri. Zamani, katika sehemu nyingi, ntemi hakurithiwa na mwanawe bali na mtoto wa dada yake, na waliomchagua waliitwa banang'oma, yaani wana wa ngoma. Ukilijua neno hilo, banda la ngoma za watemi, ambalo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, utalitazama kwa macho mengine kabisa, kwa sababu ngoma zile hazikuwa za burudani: zilikuwa alama ya utawala. Serikali ya Tanganyika iliufuta utawala wa watemi mwaka 1963. Mama alikuwa msichana wa miaka 15, na alichokikumbuka ni kwamba wazee wa kijijini kwao walikaa kimya siku nyingi na watoto walikatazwa kuuliza.

Aliyeanzisha makumbusho hayo ni padri mmisionari kutoka Quebec, nchini Kanada, aliyeitwa David Clement, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Kanisa la Bujora lilijengwa mwaka 1958 kwa umbo la duara, likifuata ujenzi na nakshi za Kisukuma. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wazazi kadhaa wameniambia kwamba wanaogopa kuwapeleka watoto mahali penye nyumba ya mganga na vijumba vya kutambikia mizimu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Vitu hivyo vimewekwa pale na padri, ndani ya eneo la parokia, ili watu wajue babu zao walimwomba nani, walitibiwaje na waliogopa nini. Mtoto anayeelezwa jambo mchana, mbele ya wazazi wake, haliogopi usiku. Mwambie tu asiguse chochote.

Usipite haraka kwenye banda la mhunzi. Watoto watavutiwa na mivukuto, na hapo ndipo pa kuwaeleza kwamba majembe hayakutoka dukani tangu mwanzo. Wahunzi mashuhuri wa upande wetu walikuwa Balongo, waliokaa Buzinza, magharibi ya hapa, ambao walijua kuyeyusha mawe yenye chuma na kufua majembe yaliyosafiri mbali kwa biashara, hata yakawa sehemu ya mahari. Binti yangu hakuelewa inawezekanaje jembe likawa mahari, mpaka mama alipomuuliza nyumba isiyo na jembe ingekula nini.

Ngoma za kuchezwa ni habari nyingine, na ina utamu wake. Vikundi vikubwa ni viwili, Bagika na Bagalu, na asili yake ni ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, kuhusu dawa ya nani ilikuwa na nguvu zaidi. Hukumu ilikuwa ya watazamaji: pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na upande uliovuta umati mkubwa ndio mshindi. Utaratibu huo unaendelea hadi leo katika sherehe za Bulabo, ambazo hufanyika Bujora mwezi Juni, zikianzia kwenye sikukuu ya Ekaristi. Utawaona Bayeye wakicheza na nyoka, akiwemo chatu, na ni vizuri kujua kwamba wao ndio waliotegemewa kutibu walioumwa na nyoka. Kadhalika Banunguli, wawindaji wa nungunungu, mnyama anayemaliza mazao shambani. Na ipo bugobogobo, ngoma ya majembe, iliyotokana na kulima kwa pamoja, mdundo ukiwasaidia watu kuinua na kushusha jembe kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kwa watoto wa umri wa wako singeanza na Bulabo. Umati ni mkubwa, vumbi ni jingi, na makumbusho yenyewe huyapati kwa utulivu. Nendeni siku ya kawaida kwanza, kisha Juni warudi wakiwa tayari wanaijua maana ya wanachokiona.

Ziara yangu ya tatu nilifuatana na wanafunzi wa shule moja kama mzazi msaidizi, na nilisikitika. Watoto zaidi ya 80 walipitishwa kwa mstari, wakaambiwa wanakili majina ya vitu kwenye madaftari, na baada ya dakika 40 wakarudishwa kwenye basi. Hakuna aliyekaa chini wala aliyeuliza swali. Ikiwa mwanao amekwisha kwenda kwa namna hiyo na akakwambia kwamba panachosha, usimhukumu, mpeleke tena wewe mwenyewe.

Njia ni rahisi. Bujora ni yapata kilometa 18 kutoka katikati ya jiji, kwa barabara ya Musoma. Panda daladala ya Kisesa, kisha kutoka barabarani kuna mwendo wa chini ya kilometa mbili, kwa bodaboda au kwa miguu kama mama yako ana nguvu. Mtapita Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba ya Mei 1996. Sisi tulishuka hapo wakati wa kurudi, kwa sababu mama alitaka. Kiingilio ulizia ukifika, kwa kuwa hubadilika. Omba mwongozaji anayejua Kisukuma, hata kama nyumbani mnazungumza Kiswahili, maana mzee atafunguka zaidi akisalimiwa kwa lugha yake.

Siku nne baada ya ziara yetu, mama alinipigia simu alfajiri kutoka Magu. Neno la saba lilikuwa limemrudia, pamoja na la nane, na alitaka niyaandike palepale nimpelekee yule kijana kabla hajayasahau tena. Nilimpelekea siku ile ya wanafunzi, naye akayaongeza chini ya yale sita.

Uliuliza pia kama Jumapili ingefaa zaidi. Asubuhi kanisa huwa na ibada, kwa hiyo hamtaweza kulitazama vizuri. Jumamosi ni bora. Ondokeni Nyegezi mapema ili mfike kabla ya saa nne, wakati jua halijawa kali kwa mzee, na mbebe maji na chakula, kwa sababu hamtamaliza kabla ya saa nane mchana.