Mwaka ulioandikwa ubavuni hautoshi: kulitambua behewa la X29 la mwaka 1951

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Columbus, Ohio, na kwenye chumba cha chini ya nyumba natengeneza reli ya mfano ya kipimo cha HO. Ni njia ya Pennsylvania Railroad kutoka Columbus kwenda Sandusky, Oktoba 1951. Nimenunua mtandaoni behewa la mizigo la aina ya X29, limeshaunganishwa na kupakwa rangi. Muuzaji anasema linafaa kwa mwaka wangu kwa sababu ubavuni limeandikwa kwamba lilijengwa 1926. Lina nembo kubwa ya Pennsylvania yenye kivuli, kibandiko kidogo cha mistari ya rangi sehemu ya chini, na juu ya paa hakuna ubao wa kutembelea. Shida yangu ni rangi tu, naiona imekolea mno. Nakutumia picha ya rangi ya mwaka 1949 niliyoipata mtandaoni, behewa lake ni jekundu kama tofali. Naomba namba kamili ya rangi ya kununua.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Suala la rangi nitalifikia, lakini kuna jambo ambalo muuzaji alipaswa kukueleza kabla hajapokea pesa yako: behewa ulilonunua halingeweza kuonekana hivyo mwaka 1951. Bodi lake lilikuwepo, sura hiyo haikuwepo.

Nembo yenye kivuli Pennsylvania walianza kuipaka mwaka 1954. Kabla ya hapo nembo yao kwenye mabehewa ya mizigo ilikuwa ndogo, imezungushiwa duara. Kile kibandiko cha mistari ni cha mfumo wa KarTrak, uliobuniwa ili mashine kando ya reli isome namba ya behewa linapopita. Ulianza 1967 na kuachwa 1977. Nao ubao wa paani ulikuwa njia ya wafanyakazi wa breki, waliotembea juu ya treni kufunga na kufungua breki za mkono. Mabehewa mapya yasiyo na ubao huo yalianza kutengenezwa mwaka 1966, na ya zamani yakaendelea kuvuliwa mbao zao polepole miaka iliyofuata. Kwa hiyo aliyetengeneza modeli yako alikuwa na picha mbele yake, na picha hiyo ilipigwa mwishoni mwa miaka ya 1960 au baadaye. Ameinakili kwa uaminifu. Muuzaji ndiye aliyesoma "1926" ubavuni akaona kazi ya utafiti imekwisha.

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote, na linaniudhi kwa sababu linauzwa kama utaalamu. Tarehe ya kujengwa inakuambia kitu kimoja tu, kwamba behewa halikuwepo kabla ya hapo. Kuchukua picha ya 1970 na kuifanya ushahidi wa 1951 kwa sababu behewa ni lilelile ni sawa na kuchukua picha ya babu akiwa mstaafu ukadai hivyo ndivyo alivyokuwa siku ya harusi yake.

X29 ni mfano mzuri wa jinsi behewa linavyobadilika. Pennsylvania walijenga karibu 30,000 kuanzia mwaka 1924, yote ya chuma, futi 40, yamefungwa kwa ribiti. Ya mwanzo yalikuwa na ncha za bamba bapa, ya baadaye yakapata ncha zenye mikunjo. Kuta zake zilikuwa na ugonjwa uliojulikana: maji na uchafu vilikaa chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu, chuma kikaoza. Karakana zikakata sehemu iliyooza na kuweka viraka vya bamba jipya. Ukitazama picha nzuri utaiona mistari ya viraka hivyo ikikimbia chini ya ukuta. Modeli isiyo na viraka inawezekana kabisa, modeli yenye viraka pia inawezekana. Inategemea namba ya behewa na mwaka wa picha.

Chini ya sakafu nako kuna historia. Mabehewa hayo yalitoka kiwandani na breki za upepo za aina ya K, ambazo silinda na tangi la hewa vimeunganishwa kuwa pande moja. Breki za AB, zilizokuwa lazima kwa mabehewa mapya kuanzia 1933, zina vipande vitatu vilivyotengana: silinda, tangi na vali. Behewa lenye breki za K lilikatazwa kupokewa na kampuni nyingine za reli mwaka 1953. Maana yake ni kwamba kwenye reli yako ya 1951 yote mawili yanakubalika, na fundi atakayekuambia K ni kosa hajui anachosema. Ila ungekuwa unatengeneza 1955, K chini ya behewa linalopita kwenye reli za watu lingekuwa kosa la wazi.

Sasa, unajuaje picha ilipigwa lini? Mara nyingi behewa lenyewe linakuambia. Vuta picha ya ubavu karibu uone maandishi meupe madogo. Kuna mstari wa uzito wa behewa tupu, na pembeni yake alama ya kituo, mwezi na mwaka. Mabehewa yalipimwa upya kila baada ya miaka kadhaa kwa sababu matengenezo hubadilisha uzito. Uzito wa zamani ulifutwa kwa rangi mpya, ndiyo maana utaona kipande cha mstatili kilicho safi kuliko ukuta uliokizunguka. Kama tarehe hiyo ni 3-50, picha haiwezi kuwa ya kabla ya Machi 1950. Kisha tafuta tarehe ya breki kusafishwa na kujaribiwa, halafu ile ya kujaza upya nyuzi zilizoloweshwa mafuta kwenye vikasha vya ekseli. Kazi hizo zilirudiwa mara nyingi zaidi kuliko kupima uzito, hivyo tarehe zake zinakusogeza karibu zaidi na siku picha ilipopigwa. Maandishi haya ni madogo na watu wengi huyapita wakikimbilia nembo, lakini humo ndimo ushahidi ulimo.

Hatua ya pili ni namba. Kampuni zote za reli za Marekani ziliorodhesha mabehewa yao katika Official Railway Equipment Register, kitabu kilichotoka mara kadhaa kwa mwaka. Tafuta toleo lililo karibu na 1951. Nakala za matoleo ya zamani zimechapwa upya na nyingine zimewekwa mtandaoni. Humo utapata kila kundi la namba, urefu na kimo cha ndani, upana wa mlango, na mabehewa mangapi yalikuwa bado kazini. Kama namba iliyo kwenye modeli yako haimo katika kundi la X29, basi tatizo lako halikuanzia kwenye nembo.

Pima kimo pia. X29 ni behewa fupi: kimo chake cha ndani ni futi 8 na inchi 7, yaani mita 2.6 hivi. Behewa la kawaida la muundo wa 1937 lina futi 10, kama mita 3.05. Kwa kipimo cha HO, ambacho ni 1:87, tofauti hiyo ni milimita 5. Zinaonekana kwa macho mabehewa mawili yakisimama pamoja. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi viwanda vya modeli vilitoa bodi moja la futi 40 na kulipaka nembo za kampuni nyingi tofauti, na jina "X29" kwenye sanduku halibadilishi plastiki iliyo ndani.

Tukija kwenye rangi, picha uliyonitumia si picha ya rangi. Ni picha nyeusi na nyeupe iliyopakwa rangi na programu. Tazama chini ya ukingo wa paa: wekundu ni uleule wa ukutani penye jua. Tazama magurudumu: nayo yamechukua wekundu wa ukuta, wakati kwa kawaida hujaa grisi na vumbi jeusi. Maandishi ambayo yangekuwa meupe yamegeuka kahawia kidogo. Programu haikujua Pennsylvania walichanganya nini kwenye pipa lao. Ilibahatisha, na wewe ulikuwa unakwenda kununua rangi kwa kufuata bahati yake.

Namba moja kamili haipo. Rangi ya mabehewa ya Pennsylvania ilitokana na oksidi ya chuma, ikitoka kwenye mapipa tofauti miaka tofauti, kisha ikaachwa juani, mvuani na kwenye masizi. Ukitaka kuona rangi za kweli, nenda kwenye picha za Jack Delano zilizo Library of Congress. Delano alipiga picha kwa filamu ya rangi ya Kodachrome kwenye yadi za reli za Chicago na kwingineko mwaka 1942 na 1943, kwa kazi ya serikali, na zinapakuliwa bure kwa ukubwa wa kutosha kusoma maandishi. Tazama zile za yadi ya Proviso, mabehewa yakiwa yamepangana safu kwa safu. Yote ungeyaita mekundu, lakini hili limekwenda kwenye kahawia, lile kwenye chungwa lililochujuka, jingine limefunikwa masizi hadi nembo haisomeki. Mwaka wako wa 1951 bado ulikuwa wa mvuke, na njia ya Sandusky ilikuwa na injini kubwa za J1 zikivuta makaa ya mawe kwenda Ziwa Erie. Masizi yalikuwa sehemu ya rangi ya kila kitu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua rangi yoyote nzuri ya modeli iliyotengenezwa kwa ajili ya mabehewa ya Pennsylvania, uichanganye kidogo tofauti kwa kila behewa. Ondoa maandishi na nembo kwa spiriti ya isopropili, ukijaribu kwanza ndani ya bodi pasipoonekana. Weka ubao wa paani wa mbao. Bandika nembo ya duara. Futa kile kibandiko kabisa. Behewa lako likimalizika liwe na uzito wa gramu 113 hivi, kwa kufuata pendekezo la NMRA, chama cha watengenezaji wa reli za mfano cha Marekani, kwa urefu huo, lisije likaruka reli kwenye kona.

Kinachonitia hofu zaidi ni kasi ya uchafuzi huu. Picha zilizopakwa rangi na programu sasa zinasambaa bila kuandikwa kwamba zimepakwa, na zimeanza kuja nyingine ambazo hazikupigwa na kamera yoyote: ngazi ina vipandio vinne upande mmoja na vitano upande wa pili, safu ya ribiti inapotelea katikati ya ukuta, namba ya behewa ina tarakimu isiyosomeka. Wauzaji wanazitumia kama ushahidi. Anayetengeneza mabehewa ya kwetu Afrika Mashariki anaumia zaidi, maana picha za asili ni chache. Behewa la East African Railways likipigwa picha baada ya shirika kuvunjika mwaka 1977, linaweza kuwa limeshaandikwa upya kwa herufi za Kenya, Tanzania au Uganda, na programu ikilipaka rangi hakuna kitakachokushtua.

Ukiuziwa modeli inayodaiwa kuwa sahihi, mwombe muuzaji vitu vitatu: picha aliyoitumia, mahali ilipohifadhiwa picha ya asili, na tarehe ya kupimwa uzito inayosomeka humo. Muuzaji wako mwombe leo, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha. Akikujibu kwamba ubavuni imeandikwa 1926, rudisha behewa udai pesa yako.