Maswali na majibu: kupima mchango wako wa NumPy kabla haujafika kwa wasimamizi

NumPy ni maktaba huria ya Python ya kushughulikia safu za namba. Msimbo wake uko GitHub na yeyote anaweza kutuma marekebisho. Maswali ya safari hii yanatoka kwa wanaotuma kwa mara ya kwanza na ya pili. Karibu yote yanarudi palepale: nitathibitishaje kwamba nilichobadilisha kinafanya kazi, na kwamba kweli kina kasi?

Nimepakua msimbo wa NumPy, nikaingia kwenye folda yake na kuendesha pytest (zana ya kuendesha majaribio ya Python). Inaniambia nisiipakie NumPy kutoka folda ya chanzo, na wakati nimeshaisakinisha kwa pip (kisakinishi cha Python). Tatizo ni nini?

Python hutafuta kwanza kwenye folda uliyomo. Hapo inakuta folda iitwayo `numpy`, lakini ni msimbo mbichi: sehemu zilizoandikwa kwa C hazijajengwa. Ile ya pip haifikiwi kabisa, na hata ingefikiwa ungekuwa unapima NumPy ya watu wengine, si mabadiliko yako.

Tumia `spin`, zana ambayo mradi wenyewe unaitumia. Tengeneza mazingira pepe (folda ya Python iliyotengwa kwa mradi huu), kisha:

```
git clone --recurse-submodules <anwani ya nakala yako>
pip install -r requirements/build_requirements.txt
pip install -r requirements/test_requirements.txt
spin build
spin test
```

Wengi husahau `--recurse-submodules`, ujenzi ukagoma kwa kukosa vipande vinavyokaa kwenye hazina nyingine. Dawa yake ni `git submodule update --init`, huna haja ya kupakua upya. Ujenzi wa kwanza unachukua dakika kadhaa; unaofuata hugusa tu faili ulizobadilisha, na `spin test` hujenga yenyewe kabla ya kupima. Ukitaka faili moja tu, andika `spin test -t numpy/_core/tests/test_umath.py`.

Nimebadilisha mstari mmoja tu. Bado nahitaji kuandika jaribio?

Ndiyo. Na usiishie kuona linapita. Lione kwanza likifeli. Rudisha faili uliyorekebisha kama ilivyo kwenye tawi kuu (`main`, toleo rasmi la msimbo), acha jaribio lako mahali pake, endesha, kisha urejeshe kazi yako:

```
git checkout main -- numpy/lib/_function_base_impl.py
spin test -t numpy/lib/tests/test_function_base.py
git checkout HEAD -- numpy/lib/_function_base_impl.py
```

Hakikisha umekomiti kwanza (yaani umehifadhi mabadiliko kwenye git), la sivyo amri ya kwanza itafuta marekebisho yako bila kukuuliza. Kama jaribio linapita hata bila marekebisho, basi halipimi kile ulichorekebisha. Hutokea kuliko watu wanavyodhani.

`assert_allclose`, fanksheni ya NumPy inayokagua kama namba zinakaribiana, inakataa 0 na 1.2e-16. Si ni kitu kilekile?

Kwako wewe ni kilekile, kwa kanuni yake sivyo. Inakubali pale tofauti isipozidi `atol + rtol * |thamani inayotarajiwa|`, na bila kuambiwa kitu, `rtol` ni 1e-7 na `atol` ni 0. Thamani inayotarajiwa ikiwa 0, upande wa kulia wote unakuwa 0. Ndiyo maana `np.sin(np.pi)`, inayotoa takriban 1.22e-16, inafeli ukiilinganisha na 0. Weka `atol` inayolingana na ukubwa wa namba zako, kwa mfano 1e-15 hapo.

Kwa `float32` tatizo ni jingine. Hatua yake ndogo karibu na 1 ni takriban 1.2e-7, kwa hiyo `rtol` ya kawaida inadai usahihi ambao aina hiyo haina. Anza na 1e-6. Usichopaswa kufanya ni kupandisha kiwango hatua kwa hatua hadi jaribio linyamaze: ukifika 1e-2 hata jibu lenye kosa la asilimia 1 litapita.

Nimeandika upya kitanzi cha C kitumie maagizo ya vekta (yanayoshughulikia namba kadhaa kwa mkupuo). Majaribio yaliyopo yanapita yote. Yanatosha?

Hapana, na hapa ndipo makosa mabaya hujificha. Rejista ya AVX2, mojawapo ya seti za maagizo hayo kwenye prosesa, ina biti 256, yaani hubeba `float64` 4 au `float32` 8 kwa mkupuo. AVX-512 hubeba mara mbili ya hizo. Safu ya `float64` yenye vipengele 1000 inagawanyika sawasawa kwa 4 na kwa 8, kwa hiyo msimbo unaoshughulikia masalia ya mwisho hauguswi kabisa. Pima urefu ulio pembeni mwa mipaka hiyo, pamoja na 0 na 1, na safu zisizopangwa mfululizo kwenye kumbukumbu:

```
@pytest.mark.parametrize("n", [0, 1, 3, 4, 5, 7, 8, 9, 31, 32, 33])
@pytest.mark.parametrize("hatua", [1, 2, -1])
def test_abs_urefu(n, hatua):
    a = np.linspace(-3.0, 3.0, n * abs(hatua))[::hatua]
    assert_equal(np.abs(a), [abs(x) for x in a.tolist()])
```

(Majina ya Kiswahili ni ya hapa tu, utakapotuma, andika kwa Kiingereza.) Hayo ni majaribio 33 kwa mistari michache. Ongeza NaN (thamani isiyo namba), infiniti na -0.0. Kwa -0.0 kagua alama kwa `np.signbit`, kwani ulinganisho wa kawaida huona 0.0 na -0.0 ni sawa. Kisha pima pale matokeo yanapoandikwa juu ya sehemu ya data ileile, mfano `np.add(a[1:], a[:-1], out=a[1:])`. Tangu toleo la 1.13, NumPy inaahidi kwamba jibu litakuwa lilelile kama vile kumbukumbu hazigongani. Kitanzi kipya kinachosoma vipengele 4 mbele kinaweza kuivunja ahadi hiyo kimyakimya.

Kwangu Linux jaribio linapita, kwenye majaribio ya otomatiki yanayoendeshwa kwa kila ombi linafeli Windows au kwenye mashine nisiyoijua. Nianzie wapi?

Anzia kwenye aina za namba. Kabla ya NumPy 2.0, namba kamili za kawaida kwenye Windows zilikuwa za biti 32, tangu 2.0 ni 64 kwenye mfumo wa biti 64, lakini `long` ya C imebaki 32 huko. Taja `np.int64` wazi. Kama ni s390x (mashine kubwa za IBM) iliyofeli, mashine hiyo hupanga baiti kinyume na laptopu yako, basi tazama popote unaposoma baiti ghafi na uandike `"<i4"` badala ya `"i4"`. Na kama unatumia namba za bahati nasibu, zipe mbegu: `np.random.default_rng(1234)`.

Vipimo vyangu vinaonyesha `sort` yangu ina kasi mara tatu, lakini msimamizi anasema hashawishiki. Anataka nini zaidi?

Tukianza na hicho kipimo chenyewe. Vipimo vya NumPy vinaendeshwa na asv, zana ya kupima kasi, na vinakaa `benchmarks/benchmarks`. Tuseme umeandika hivi:

```
class Panga:
    def setup(self):
        self.a = np.random.default_rng(7).random(100_000)

    def time_panga(self):
        self.a.sort()
```

`setup` haiitwi kabla ya kila mzunguko. Inaitwa mara moja, kisha `time_panga` inaweza kurudiwa mara nyingi ndani ya sampuli ileile. Mzunguko wa kwanza unapanga, mingine yote inapanga safu iliyokwisha kupangwa. Kasi uliyoiona huenda ni ya data isiyo na kazi ya kufanywa. Andika `np.sort(self.a)`, ambayo hunakili kwanza. Gharama ya kunakili inaingia kwenye kipimo, lakini inaingia pande zote mbili.

Baada ya hapo linganisha na tawi kuu: `spin bench --compare main -t Panga`. Ukomiti kabla, ambacho hakijakomitiwa hakipimwi.

Kisha ondoa kelele. Laptopu iliyo kwenye betri, au iliyopata joto, hushusha kasi ya prosesa katikati ya kipimo. Chomeka chaja, funga kivinjari. Linux, `sudo python -m pyperf system tune` huzima turbo (kupanda kwa kasi kwa muda) na kuiweka prosesa kwenye kasi thabiti. Kwa kazi za matriki weka `OPENBLAS_NUM_THREADS=1`, ama sivyo unapima jinsi nyuzi (kazi zinazoendeshwa sambamba) zinavyogombania prosesa. Rudia ulinganisho mara 3: faida ya asilimia 4 inayogeuka hasara mara ya pili, usiitaje.

Mwisho, ukubwa. Safu ya vipengele 10 hupima zaidi gharama ya kuita fanksheni. Vipengele 4096 vya `float64` ni KB 32, vinakaa karibu na prosesa. Milioni 1 ni MB 8, na hapo mara nyingi kumbukumbu ndiyo inayochelewesha, hesabu yako ingekuwa hodari kiasi gani. Toa zote tatu, na kwa `sort` ongeza data iliyopangwa, iliyopangwa kinyume na yenye marudio mengi.

Niweke nini kwenye maelezo ya ombi la kuunganisha (pull request)?

Amri uliyoendesha, jedwali la asv, modeli ya prosesa, mfumo na toleo la kompaila. Weka na mistari iliyopungua kasi. Wataiona wenyewe wakipima. Kichwa kianze na `ENH:`, `BUG:`, `TST:` au `BENCH:` kulingana na kazi.

Kazi moja ya majaribio ya otomatiki ni nyekundu (imefeli) na haihusiani na nilichogusa. Nitume komiti tupu iendeshwe tena?

Usitume. Fungua rekodi (logi) za kazi hiyo, tafuta jina la jaribio lililofeli, kisha angalia kama linafeli na kwenye tawi kuu. Likiwa linafeli huko pia, andika sentensi moja kwenye ombi lako ukitaja jina hilo, uendelee na mengine.