Mkuu, usikubali paa lako la bati limwagiwe lami

Mkuu, umesema nyumba uliyonunua Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani, ina paa la bati bapa lenye mishono ya kulehemu, linavuja juu ya ngazi, na fundi amekushauri limwagiwe lami lote. Nakuomba usimpe hela kwanza. Nimepanda mapaa ya Maryland miaka tisa, na mengi tuliyoyang'oa yaliuawa na lami, si uzee.

Bati hilo si kama la migongo la kwetu. Ni chuma chembamba kilichopakwa mchanganyiko wa risasi na stani. Vipande vyake vimekunjwa kingo vikapachikana, na kila kipande kinashikwa na vikono vya bati vilivyopigiliwa kwenye mbao na kufichwa ndani ya mkunjo. Hakuna msumari unaotoboa juu. Lehemu, ile metali laini iliyoyeyushwa kwenye mshono, inaziba maji tu. Ukiona mshono umepasuka, mara nyingi paa bado limeshika imara.

Sasa lami. Jua huipasua, mvua huingia kwenye nyufa, maji hukaa kati yake na bati, hayakauki. Lami iliyochakazwa na jua pia hutoa asidi inayokula chuma. Kutu inatafuna chini kwa chini huku wewe unaona weusi safi. Halafu siku ukitaka kulehemu, lehemu haishiki mpaka uikwangue lami yote, na hiyo kazi ni mateso.

Kuhusu uvujaji, usiamini doa la darini. Kuna nyumba tuliyohangaika nayo siku nzima kwenye dirisha la paa, kumbe maji yaliingilia karibu na dohani, kama mita tatu juu, yakatiririka juu ya mbao. Anza upande wa juu. Pitisha kidole mshono kwa mshono, hasa kuzunguka dohani na pale bati linapopanda ukuta.

Ukiupata ufa, mahali pale pakwanguliwe hadi chuma king'ae. Rangi za zamani huwa na risasi, kwa hiyo lowanisha kwanza, usipige msasa mkavu, vaa barakoa inayofaa, watoto wakae mbali. Paka rozini, utomvu wa msonobari unaosaidia lehemu kushika, kisha weka chuma cha kulehemu chenye kichwa kizito cha shaba juu ya mshono na usubiri. Lehemu ya nusu risasi nusu stani huyeyuka yote kwenye nyuzi 216 hivi za Selsiasi, lakini bati lenyewe lazima lipate moto ndipo mshono uinywe. Ikibaki kama tone juu, hujaziba kitu. Moto wa gesi sitaki hata kuuona: mbao za chini zimekauka miaka mingi, na nyumba zenu zimegusana ukuta kwa ukuta.

Penye tundu, kata kiraka cha bati la aina hiyo hiyo ukilehemu pande zote. Futa rozini, kisha upake rangi mapema, ile nyekundu ya oksidi ya chuma yenye mafuta ya kitani. Bati hili halivumilii kuachwa wazi, na rangi ndiyo matunzo yake ya miaka yote.

Kabla ya kusaini chochote, mwambie huyo fundi akuonyeshe chuma chake cha kulehemu. Kama hana, tafuta mwingine.