Jumla ya Korosho Iliyogeuka Hasi

Juzi kijana mmoja wa Nachingwea ameniandikia kwamba anatengeneza programu ya mahesabu kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na kwamba, kwa kuwa namba kamili za lugha hiyo hazina kikomo, haoni sababu ya kuhangaikia ukubwa wake. Ujumbe huo umenirudisha kwenye siku ambayo mpaka leo inaniuma.

Niliandika kwa Java, lugha nyingine ya aina hiyo, programu ya kujumlisha mauzo ya korosho ya chama kimoja cha ushirika hapa mkoani Mtwara. Niliijaribu kwa magunia machache, na hesabu zikakaa sawa. Msimu ulipochanganya, tani 1,000 ziliuzwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo, na mbele ya wakulima waliokuwa wakisubiri tangu asubuhi, badala ya bilioni tatu, kioo kikaonyesha -1,294,967,296. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ina maana sisi ndio tunadaiwa?" Nilikosa jibu. Kazi alipewa mwingine.

Jumla niliiweka kwenye int, aina ya namba kamili yenye biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1), ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647, na ikizidi hapo Java haisemi neno, bali hurudi upande wa hasi. Aina ya long, yenye biti 64, ingetosha kabisa, na Math.multiplyExact, amri ya kuzidisha inayokataa jibu lisiloenea, ingeisimamisha programu kabla ya kuniaibisha.

Mdogo wangu, ni kweli kwamba namba ya Python hukua hadi kumbukumbu ya kompyuta iishe, lakini kikomo kipo. Kokotoa 2 kwa kipeo cha 20,000: jibu hupatikana papo hapo, ila ukitaka kulichapisha kwa tarakimu za kawaida, matoleo ya tangu 2022 hugoma, kwa sababu lina tarakimu 6,021 na mpaka uliowekwa ni 4,300. Mpaka huo uliwekwa kwa kuwa kugeuza namba ndefu kuwa maandishi huchosha kompyuta kupita kiasi, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kuitumia njia hiyo kuiangusha seva.

Korosho hazitakufikisha huko. Kitakachokukwamisha ni safu ya hifadhidata (sehemu ya jedwali ambamo jumla hutunzwa) yenye biti 32, au ukurasa wa wavuti unaotumia lugha ya JavaScript, ambao namba yake ya kawaida husoma 9,007,199,254,740,993 kama 9,007,199,254,740,992. Usidharau jambo hili kama nilivyolidharau mimi. Nijibu leo: jumla yako umeihifadhi kwenye safu ya aina gani?