Kikaragosi Huanza na Mkono

Kikaragosi changu cha kwanza kilikuwa na sura nzuri mno. Nilikipaka rangi kwa siku tatu, nikakishonea kanzu yenye vifungo vidogo. Siku nilipokiinua juu ya pazia, kichwa kilianza kuinama chenyewe, na dakika chache baadaye mkono uliniuma hadi begani. Kichwa kilikuwa kizito, na shingo ilikuwa pana kuliko kidole changu. Nilikuwa nimeunda sanamu na kuitoboa tundu chini.

Tangu hapo sishiki mkasi kabla sijaamua mkono utakaaje ndani. Swali hilo ndilo linalotenganisha mitindo. Kwenye kikaragosi cha glavu, kidole cha shahada huingia shingoni, gumba na kidole cha kati vikawa mikono. Guignol wa mji wa Lyon, Ufaransa, aliyebuniwa na Laurent Mourguet mwanzoni mwa karne ya 19, ni wa aina hii. Mdomo wake haufunguki, lakini anashika vitu: anapiga fimbo, anakumbatia, anajifuta machozi. Kikaragosi cha mdomo, kama vile vya Jim Henson, Mmarekani aliyeunda Muppets wa televisheni, kina vidole vinne juu na gumba chini. Kinaongea vizuri, ila mikono yake huhitaji vijiti au mtu wa pili.

Mitindo mingine humweka mchezaji mbali zaidi, kwa nyuzi, vijiti au kivuli kwenye shuka. Neno letu karagosi lenyewe limetoka kwa Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, ambaye hukatwa kwenye ngozi. Na katika bunraku, mchezo wa jadi wa vikaragosi wa Japani, watu watatu huendesha kikaragosi kimoja: mmoja kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Nikiwatazama hujifunza kitu kinachofaa hata kwa soksi yenye vifungo: kikaragosi huonekana hai kinapovuta pumzi kabla ya kutenda.

Kwa anayeanza, nashauri glavu. Laza mkono juu ya karatasi ukiwa umetanua vidole vile vile utakavyocheza, uchore kuuzunguka, kisha uongeze upana wa vidole viwili kila upande. Wengi huongeza kidogo mno, na nguo ikishashonwa inabana, vidole haviwezi kukunjika. Shona kwanza kitambaa chakavu, ujaribu. Kichwa kiwe chepesi: vipande vya karatasi vilivyolowekwa kwenye uji wa unga, tabaka nne au tano, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Shingo ni bomba la karatasi ngumu linaloshika kidole hadi kiungo cha pili. Likilegea, kichwa kitayumba na hakuna rangi itakayokiokoa.

Ukitaka cha mdomo, tumia sponji, uikate kwa wembe mpya. Mimi hutumia gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri hadi isinate kidoleni, ndipo uunganishe. Fungua madirisha, maana harufu yake ni kali na haifai kuvutwa. Ndani ya mdomo weka kadibodi iliyokunjwa katikati, juu yake ushone ukanda wa kupitisha vidole na chini mwingine wa gumba.

Macho ndiyo ninayoyapa muda mrefu kuliko kitu kingine. Usiyabandike mara moja. Yashikize kwa pini, simama hatua kadhaa mbele ya kioo, uulize: ananitazama mimi, au anatazama ukuta? Mboni zikikaa katikati kabisa, mara nyingi macho huonekana matupu. Zisogeze kidogo kuelekea pua, na ghafla kuna mtu pale. Nimeliona jambo hilo mara nyingi na bado hunisisimua.

Kisha mfundishe kuongea. Kosa la kawaida ni kurusha vidole vya juu kila anapotamka, hadi kichwa kinatazama dari. Kichwa kitulie, gumba ndilo lishuke. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu: ka-ri-bu-ni, mdomo hufunguka mara nne na kujifunga kati yake. Kwenye silabi inayokazwa, ile ya pili kutoka mwisho, fungua zaidi kidogo. Kwenye m ya mwanzo, kama katika "mtoto", acha mdomo umefungwa kwa muda mfupi kabla ya to-to.

Fanya mazoezi mbele ya kioo dakika tano tano, upumzishe bega. Anza kwa kuhesabu moja hadi kumi polepole, kisha mwache akuambie jina lake.