Buibui ana miguu minane, sio miguu nane

Msomaji kutoka mtaa wa Kisasa, Dodoma, anauliza: "Ukutani kwangu kuna kabuibui kadogo ka kijivu kanaruka, kana miguu nane, macho nane na mstari mweusi mgongoni. Niseme buibui mrukaji au buibui anayeruka? Na ni wa aina gani?"

Mrukaji ndo jina la aina, anayeruka ni yule unayemuona anaruka saa hiyo, yote Kiswahili safi. Na kabuibui sina ugomvi nako, mtaani ndo tunavyosema. Ila hiyo "miguu nane" inanikera, tena sio wewe tu, naiona kwenye mabango, naisikia redioni, hadi kwenye madaftari ya watoto inawekewa vema! Jamani, nane ni ya Kibantu kama mbili na tatu, inabeba kiambishi cha kile inachokihesabu, ila sita, saba na tisa tulizitoa Kiarabu, hizo hazibebi kitu. Ndo maana sisimizi ana miguu sita na hakuna wa kumdai, lakini buibui ana miguu minane. Macho manane. Vikombe vinane, abiria wanane, na wakiongezeka ni abiria kumi na wanane. Siti nane sawa, maana nomino za i-/zi- zinaiacha namba ilivyo. Halafu atatokea mtu na hoja ya Nanenane, sikukuu ya wakulima, eti mbona viwanja vyake vya pale Nzuguni haviitwi Vinanevinane, kha! Ile ni tarehe nane mwezi wa nane, hakuna miguu inayohesabiwa pale. Ukiandika kuku ana miguu mbili mwalimu anakukata maksi, sasa buibui kamkosea nani?

Haya, turudi ukutani. Macho ndo yanayomtambulisha mrukaji: manne yanatazama mbele, mawili ya kati makubwa kama taa za lori, manne yaliyobaki yamekaa juu pembeni. Hategi utando wa kunasia, ananyemelea nzi halafu anamrukia. Kama mwili ni bapa, wa kijivu, na mstari mweusi umepita katikati ya tumbo kwa juu, yaelekea ni dume la Menemerus bivittatus, wa asili ya Afrika, anapenda sana kuta za nyumba. Jike lake lina michirizi miwili myeusi pembeni inayokutana nyuma. Akiwa mweusi na mchirizi mweupe katikati, kuanzia kichwani hadi tumboni, hapo fikiria dume la Plexippus paykulli.