Kwa wadogo zangu mnaoanza falsafa: kuhusu Mungu, msiikimbilie yakini

Kila mwaka, muhula wa pili ukifika katikati, huja ofisini kwangu mwanafunzi mmoja au wawili wa mwaka wa kwanza. Wanafunga mlango, wanakaa, kisha wanasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mimi siamini tena." Wengine wanalia. Nimefundisha miaka kumi na minne, na mimi mwenyewe niliacha kuamini nikiwa na miaka ishirini na tatu, kwa hiyo naujua mzigo huo. Ninayowaambia wao ndiyo haya ninayowaandikia ninyi.

Kwanza pimeni maneno. Asiyeamini huitwa "mkanamungu", na wengi hulipokea jina hilo bila kuligeuzageuza. Mshitakiwa hukana shitaka. Petro alimkana Yesu kabla jogoo hajawika, naye alikuwa akimjua vizuri. Ukisema "sijaona sababu ya kutosha kuamini", bado hujakana kitu. Ukisema "najua kwa hakika hakuna Mungu", hapo umedai, na mwenye kudai ndiye anayeleta ushahidi. Nimeona vijana wakitoka kauli ya kwanza hadi ya pili ndani ya wiki moja, na kilichowasukuma ni hasira juu ya mchungaji au baba. Hasira hiyo inaweza kuwa ya haki kabisa, ila haithibitishi lolote kuhusu Mungu.

Halafu ulizeni: ni Mungu yupi huyo anayebishaniwa? Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni Mwacholi wa Uganda aliyefariki mwaka 1982, alisimulia kisa ambacho darasani hukisoma polepole. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoikusudia mapadri, basi swali likawafikia wazee hivi: nani aliwafinyanga? Kama chungu. Wazee wakasema hawajui, wao walizaliwa na mama zao. Mapadri wakang'ang'ana. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba mtu akiugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, akapinda na kuota kibyongo, husemwa kuwa amefinyangwa na Rubanga. Akalitaja jina hilo la pepo mbaya, na mapadri wakalichukua kuwa jina la Muumba. Mpaka leo Waacholi Wakristo humwomba Mungu kwa jina la Rubanga.

Msikicheke kisa hiki, na msikitumie kama rungu. Hakisemi kwamba Mungu hayupo. Kwangu mimi kinaonyesha kwamba wazee wale waliishi, wakazika, wakapatanisha ndugu waliogombana, bila kujua nani aliwafinyanga, na hawakuona aibu kusema "hatujui".

Wanazuoni wa Kiislamu wana daraja tatu za yakini, na mfano wao wa moto sijapata unaoushinda: kuambiwa kuna moto, kuuona moto kwa macho, na kuungua. Katika suala la Mungu, mimi sijaifikia hata ile ya kwanza, si kwa upande wa yupo wala wa hayupo. Siamini, basi. Ilinichukua miaka kuacha kuona haya kwa hilo.

Hamko peke yenu, ingawa mtajihisi hivyo. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 755,750 wasio na dini. Kwetu Tanzania sensa haijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo hatuna hesabu yetu, lakini Katiba, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mtu kuchagua na hata kubadilisha imani yake. Hata hivyo, Katiba haikai nanyi mezani Krismasi. Msitangaze habari hii siku ya sikukuu mbele ya wageni. Mama yako anastahili kuambiwa peke yake, na wewe.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama mtu asiyeamini anaruhusiwa kuimba kanisani. Mimi naimba. Mpaka wangu ni kiapo: nimekataa mara mbili kuwa msimamizi wa ubatizo, kwa sababu pale unaahidi kumlea mtoto katika imani, na ahadi hiyo nisingeitimiza. Wimbo hauniapishi.

Tulipomzika mama, nilisimama na kwaya yake kwenye sauti ya nne. Nilikuwa najua kila beti kwa moyo. Ubeti unaosema tutaonana tena sikuuamini kama habari, lakini wanawake wanane waliokuwa wamelala sakafuni kwetu siku nne, wakipika na kuosha masufuria, walikuwa wakiuimba huku wamenizunguka, na shangazi alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Sijui namna nyingine ya kumbeba mtu hadi kaburini. Sikutafuta nyingine.

Baada ya matanga shangazi alinipa kitabu cha nyimbo cha mama, kimefungwa kwa kipande cha khanga, kurasa zimeingia mafuta ya kupikia pembeni alipozoea kuzifungulia. Anajua siamini, nilimwambia zamani. Kipo mezani kwangu, karibu na dirisha. Mkija mtakiona.